Kilemba cha Gunia na Mgao wa Kila Kichwa

Asubuhi niliyoondoka kambi ya wakata miwa sikuwa na safari. Nilikuwa na panga, blanketi na sababu. Sababu ilikuwa mgambo wa kodi ya kichwa, waliokuwa wameanza kupita mlango kwa mlango upande wa chini wa kambi, nami nililala upande wa juu. Nikakata katikati ya miwa mpaka relini, nikapanda treni ya kwanza iliyosimama bila kuuliza inaelekea wapi. Nauli yangu iliishia Ifakara, na mimi nikaishia hapo hapo.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki kwenye mageti ya ushuru. Mwezi uliopita nilikabidhi kofia na kitabu cha stakabadhi, na katika chai ya kuniaga kijana mmoja akauliza mtu aliyeacha shule darasa la tano, tena akikimbia kodi, aliishiaje kuitoza maisha yake yote. Watu walicheka na swali likapita. Lilikuwa swali zuri, kwa hiyo nalijibu hapa.

Ifakara ya miaka ya tisini ilikuwa na baiskeli nyingi kuliko kazi. Nikatembea mpaka kivukoni kuutazama Mto Kilombero, kwa kuwa sikuwahi kuuona mto mpana kiasi kile na sijawahi kupita karibu na kitu kigeni bila kukitazama. Pale nikamkuta mzee mwembamba anahangaika na mzani wa chuma, ule wa kuning'iniza, mzito kama maiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Una mikono?"

"Ninayo."

"Basi usimame hapo unanisalimia tu?"

Huyo alikuwa Mzee Fidelis, mwalimu wangu wa kazi. Zamani alipima mazao kwenye ghala la ushirika, na ushirika ulipolegea kijiji chake kikamchukua asimamie geti la ushuru. Nikamsaidia kuuvusha mzani, nikaupandisha kwenye mkokoteni, nikausukuma mpaka kijijini kwake. Kijiji hicho nitakiita Ng'ambo, maana hivyo ndivyo watu wa mjini walivyokiita. Kilikuwa na barabara moja tu ya kutokea na pande nyingine zote ni mbuga ya maji, kwa hiyo gunia lolote la mpunga lililotoka Ng'ambo lilipita kwenye geti la Mzee Fidelis. Geti lenyewe lilikuwa mwanzi mrefu uliofungiwa jiwe upande mmoja. Alinipa kazi ya kuinua mwanzi, na kwa kuwa sikuwa na pa kulala akanipeleka kwa Bibi Skolastika, mjane aliyekuwa na kibanda kitupu uani kwake.

Siku ya kwanza kazini niliharibu. Ushuru wa mchele ulikuwa mkubwa kuliko wa mpunga, kwa hiyo wafanyabiashara walipanga magunia ya mpunga juu ya lori na kuficha ya mchele chini. Kuwagundua kulihitaji bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji unachochoma nacho gunia kikatoka na punje chache. Mzee Fidelis akanipa bambo na kuniambia nichome. Nikachoma kwa nguvu zote za mkata miwa, chini kabisa ya gunia, na sikulifinya lile tundu kurudisha nyuzi mahali pake. Lori likaondoka likimwaga mchele mstari mmoja mpaka kivukoni.

"Leo kuku wa Ng'ambo wote watakuombea dua," alisema Mzee Fidelis.

Chomeni juu, kwa kuinamisha, kisha sugueni tundu kwa dole gumba. Mashine zenu hazitawaambia hilo.

Kitu kilichonishika nisiondoke baada ya wiki mbili, kama ilivyokuwa desturi yangu, kilikuwa robo kilo ya sukari. Nilikuwa nakoroga chai pale getini huku nikijisifu jinsi nilivyowakwepa mgambo miaka miwili bila kulipa hata senti.

"Hiyo sukari umeinunua?" akauliza Mzee Fidelis.

"Nimeinunua."

"Ndani ya bei yake mna ushuru. Na kwenye kiberiti ulichowashia moto mna ushuru. Na hiyo sigara sikioni kwako ndiyo usiseme. Bwana mdogo, wewe umekuwa ukilipa kodi mara tatu kwa siku, pamoja na kulala njaa porini."

Chai ilinishinda. Niliuliza maswali mpaka jua likashuka. Nani aliweka kodi ndani ya bei? Mwenye duka anailipa kutoka mfukoni mwake au mwangu? Mzee akasema neno nililolitembeza miaka yote: ushuru ni kama gunia, anayeandikwa jina si lazima awe ndiye anayelibeba.

Ilipofika Februari nikaona jambo lingine. Bonde lile lina mpunga mpaka macho yanachoka, lakini Februari mpunga bado ni majani na ghala ni tupu. Bibi Skolastika alikuwa na wajukuu watatu. Asubuhi moja akaja mfanyabiashara anayeitwa Sadala, mtu mcheshi, mwenye lori na kikoti cha mifuko mingi. Akasimama ukingoni mwa shamba la Bibi akilitazama kama anatazama ng'ombe, kisha wakaelewana bei. Alinunua mpunga ukiwa shambani, kwa bei ambayo mwezi Juni isingenunua hata robo yake. Bibi akapata unga wa kuwavusha wajukuu. Juni akavuna kwa mikono yake, akashona magunia kwa shazia yake mwenyewe, akampakilia Sadala.

"Kwa nini hukusubiri, Bibi?" nikauliza.

"Wajukuu hawajui kusubiri, mwanangu. Ningekuwa na cha kununulia debe moja tu la mahindi kwa kila kichwa, Sadala angelitazama hilo shamba mpaka macho yaote ukungu."

Maneno hayo, kila kichwa, yalinikaa. Mimi nilikuwa nimekimbia kodi ya kila kichwa. Je, haiwezekani kila kichwa kilipwe? Nikampelekea Mzee Fidelis wazo langu: kijiji kiongeze ushuru mpya kidogo juu ya kila gunia linalotoka, ushuru huo usiguswe, na Februari ugawiwe sawa kwa sawa kwa kila mtu, mkubwa na mtoto. Nilitegemea anicheke. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Kaseme mkutanoni," akasema. "Mimi wamenizoea."

Mkutano wa kijiji niliuona mrefu kuliko treni ya mizigo. Mwenyekiti, Bwana Damasi, mtu mwangalifu asiyekaa kiti bila kukitikisa kwanza, aliniruhusu niseme. Nikasema. Maswali yakaja kama mawe.

"Mwenye duka naye apewe?"

"Apewe."

"Mlevi je?"

"Apewe."

"Ataenda kunywa!"

"Wewe usipopewa utaacha kunywa?" mtu akajibu kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Mmoja akataka wapewe maskini peke yao. Mzee Fidelis akainuka. "Mkisema maskini, kwanza mtachagua kamati ya kuwatafuta maskini. Na kamati itaanza na shemeji zake." Hakuna aliyebisha, maana kamati zilikuwa zinajulikana.

"Na huyu aliyekuja juzi na blanketi, naye apewe?"

Kabla sijajibu, Bibi Skolastika akasema kutoka upande wa akina mama, "Ana kichwa. Nakiona kila asubuhi kikinywa uji wangu."

Ikapita kwa kunyoosha mikono. Sheria ndogo ikaandikwa, ikapelekwa halmashauri, ikarudi na muhuri. Mwanzi wa geti ulipoinuka msimu wa mavuno uliofuata, niliuinua kama bendera.

Tukashindwa vibaya.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kosa la mtu asiyewahi kuuza mpunga. Nilisema ushuru utozwe kwa gunia. Gunia la haki lilichukua debe sita, likashonwa mdomo. Lakini wafanyabiashara walikuwa na gunia lao la lumbesa: unajaza, kisha unasuka kamba juu ya mdomo na kuongeza mpunga, likawa na kichwa kama mtu aliyevaa kilemba. Kabla ya ushuru mpya kilemba kilikuwa cha debe moja hivi. Ushuru ulipokuja, Sadala na wenzake wakakipandisha hadi debe mbili, hata zaidi. Magunia yakapungua barabarani, kila moja likapita likiwa limevimba, nami nikatoza kwa gunia kama sheria ilivyosema. Na mkulima aliuza gunia kwa bei ya gunia, kilemba kikiwa zawadi.

Siku moja Sadala aliteremka kwenye lori akanipa mkono. "Bwana Ushuru, nakushukuru. Umetufundisha kushona."

Februari tukagawa. Mgao wa kila kichwa ulitosha chumvi. Watu walikuja kwa heshima, wakasimama mstari, wakapokea, wakaondoka bila kunitukana, na hilo ndilo liliniuma. Wiki ile ile Sadala akasimama tena ukingoni mwa shamba la Bibi Skolastika. Nilikuwa uani natazama. Bibi akakubali bei. Alipopita karibu nami akasema tu, "Chumvi ilikuwa nzuri, mwanangu," akaingia ndani.

Nilifunga blanketi. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimeshalifunga kwa kamba. Bwana Damasi alikuwa ametangaza mkutano wa kufuta ushuru ule, na mimi sijawahi kuwa mtu wa kungoja kufukuzwa. Nikaenda getini kumuaga Mzee Fidelis.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui."

"Vizuri. Kabla hujafika huko, niambie: gunia lenye kilemba lilibebwa na nani?"

"Na mkulima."

"Uliandika jina la Sadala, akabeba Bibi Skolastika. Sasa unajua kitu ambacho mwaka jana hukukijua, na ndiyo siku unayoondoka?"

Nikakaa. Nikasema basi tupige marufuku vilemba. Akatikisa kichwa. "Usikataze. Kinachokatazwa hupitia njia ya porini. Kitoze."

Tuliumiza vichwa siku tatu. Mzani mmoja usingeweza kupima malori yote, na kila dereva angeapa kwamba umelala upande. Tulitaka kipimo ambacho hata asiyejua kusoma angekiona kwa macho na kubishana nacho angeona aibu. Jibu likatoka kwa Bibi Skolastika, aliyekuja kutuletea kambale wa kukaushwa na kutukuta tumejikunja juu ya gunia kama waganga.

"Gunia lina masikio mawili," akasema, akishika zile pembe mbili za juu zinazofungwa kwa kamba. "Gunia la haki ni tambarare toka sikio mpaka sikio. Mkilaza kitu kilichonyooka hapo, si mtaona?"

Mzee Fidelis akakata kipande cha mwanzi, akakilaza juu ya gunia la haki. Kikagusa masikio yote mawili, kikatulia. Akakilaza juu ya gunia lenye kilemba. Kikapanda juu na kubembea kama watoto wanaocheza. Mimi nilicheka mpaka nikalala chini.

Mkutanoni sikutoa hotuba. Niliweka magunia mawili mbele na kumpa mwanzi Bwana Damasi mwenyewe. Akaulaza, akautikisa, akaulaza tena. Nikasema: gunia ambalo mwanzi unagusa masikio yote mawili lilipe ushuru mmoja. Gunia ambalo mwanzi unabembea lilipe mara tatu. Anayependa kilemba avae, ila alipie.

"Na wakikataa kununua mpunga wetu?" mtu akauliza.

"Lori linakula dizeli hata likirudi tupu," akasema Mzee Fidelis. "Watanunua."

Bwana Damasi akanirudishia ule mwanzi. "Msimu mmoja," akasema. "Ukishindwa, ushuru unakufa, na wewe bwana unachukua blanketi lako."

Lori la kwanza la mavuno lilikuwa la Sadala, asubuhi ya siku ya gulio, kijiji kizima kikiwa barabarani. Magunia yake yote yalikuwa na vilemba, marefu ajabu, kama harusi. Nikashusha mwanzi wa geti. Nikapanda juu ya lori na mwanzi mdogo, nikaulaza juu ya gunia la kwanza. Ukabembea. Watoto wakashangilia. La pili, ukabembea. Kufika la tano watu walikuwa wanahesabu kwa sauti.

"Mara tatu kwa yote, au ufumue," nikasema.

"Wewe umetumwa na nani?" Sadala akauliza, ucheshi umemwisha.

"Na masikio ya gunia."

Akaapa hatalipa na hatafumua. Akaegesha lori kando, akasema tutaona nani atachoka. Siku ya kwanza wapagazi wake wanne walikaa chini ya lori wakicheza bao. Siku ya pili walikuwa wametwanga na kupika wali wa gunia lake mwenyewe mara tano, na walidai posho ya kukaa. Siku ya tatu lori la mfanyabiashara mwingine, aliyesikia habari na kushona tambarare, lilifika, mwanzi ukatulia, likapita kwenda kuwahi kivuko huku dereva akipiga honi bila sababu. Sadala aliisikiliza ile honi ikipotea. Kisha akaja getini.

"Nafumua," akasema. "Nipatieni magunia matupu na wanawake wa kushona."

Wa kushona walikuwapo, Bibi Skolastika na wenzake, kila mmoja na shazia yake. Na magunia matupu, kumbe, kijiji kizima aliyeyakusanya alikuwa Bibi Skolastika. Msimu uliopita alikuwa akiyaokota na kuyaziba viraka.

"Shilingi ngapi, mama?" Sadala akauliza.

Bibi akalitazama lori taratibu, toka taa mpaka mkia, kama Sadala alivyozoea kulitazama shamba. "Inategemea," akasema. "Unayo haraka?"

Ng'ambo nzima ilicheka. Hata wapagazi walicheka. Mwishowe Sadala naye akacheka, maana mcheshi ni mcheshi, akalipa. Wanawake wakafumua na kushona kwa saa nne huku wakiimba. Lori lile lilitoka na theluthi zaidi ya magunia kuliko lilivyoingia, kila moja limelipa ushuru wake, mwanzi umetulia juu yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyepita na kilemba. Mkulima wa Ng'ambo akawa anauza debe sita na kulipwa debe sita. Faida hiyo peke yake ilikuwa kubwa, kabla hata mgao haujagawiwa.

Februari ikafika. Tuligawa mbele ya ofisi ya kijiji, Bwana Damasi akisoma majina, watoto wachanga wakipokelewa na mama zao. Mwenye duka alipokea, akacheka kwa aibu, kisha jioni ikawa wazi kwamba fedha za kila mtu zimeishia dukani kwake, aibu ikamtoka. Mlevi wetu mashuhuri alinunua jembe, akalewa wiki iliyofuata kwa mkopo. Nami nilipokea changu, fedha ya kwanza maishani niliyopewa kwa sababu tu nipo. Mgao wa kila kichwa, ukiongezwa juu ya faida ile ya kuuza bila kilemba, ulitosha debe la mahindi na chumvi.

Sadala akaja kama kawaida yake. Akasimama ukingoni mwa shamba la Bibi Skolastika, akataja bei. Bibi alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinuka.

"Rudi Juni, baba," akasema.

Akaongeza bei. "Juni," akasema Bibi, akaendelea kupepeta. Nilikuwa nyuma ya kibanda changu nimeshika mdomo kwa mikono miwili nisipige kelele. Sadala alikwenda shamba la pili, la tatu, la nne. Kote alisikia mwezi ule ule.

Mmeniuliza mara nyingi kama ushuru wa vitu unaweza kumlipa kila mtu fedha ya kuishi. Mimi ni mtu wa geti, na tangu Februari ile sikutafuta kazi nyingine; najibu kwa kile nilichokiona. Wa kwetu haukutosha kuishi. Ulitosha kukataa. Na mtu anayeweza kukataa mwezi Februari ni mtu mwingine kabisa mwezi Juni. Lakini kabla hamjatoza kitu chochote, ulizeni nani atakibeba, na mkimaliza kuuliza ulizeni mtu anayeshona magunia.

Misimu miwili baadaye kijiji kilikuwa na vijana wa kutosha wanaojua mwanzi, na miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha. Asubuhi moja nilimuaga Bibi Skolastika, nikavuka mto, nikapanda treni mpaka Mlimba, na kutoka hapo nikatembea kuelekea Masagati, kwa kuwa nilisikia ni mbali na sijawahi kufika. Mfukoni nilikuwa na kipande cha mwanzi. Nilidhani huko nitawafundisha.

Nilifika siku ya pili mchana, nimechakaa. Nyumba ya kwanza ilikuwa na mama wa makamo aliyekaa barazani anashona gunia la mpunga. Nikapiga hodi, nikaomba pa kulala. Akaninyooshea kidole kibanda cha nyuma, kisha akaniambia nimshikilie gunia upande ule. Alipomaliza kushona akachukua mwanzi mfupi uliolala pembeni, akaulaza juu.

"Unaona, mgeni? Lazima uguse masikio yote mawili. Usipogusa, umeibiwa."

"Nani kawafundisha?"

"Wapagazi wa malori. Wanasema huu mwanzi umetoka huko mtoni." Akaniangalia. "Mbona unacheka? Wewe hujui kushona?"

"Kidogo," nikasema.

Akanipa shazia, akanisogezea gunia la pili.